Zamu ya Kinanda cha Mwalimu Nathanaeli

Tunu Abasi alikulia Daraja Mbili, katika nyumba ambayo cherehani ilikuwa haijui kupumzika. Mama yake, Rukaiya, alikuwa fundi wa majoho ya kwaya. Mwenyewe ni Mwislamu wa kuswali na kufunga, lakini kwa kukata joho likakaa begani bila kupinda, mji mzima ulimjua. Walutheri walikuja, Wakatoliki walikuja, na kazi ikikamilika Tunu ndiye aliyetwishwa furushi apeleke kanisani. Akifika, mazoezi huwa bado yanaendelea. Basi anasimama mlangoni na furushi lake, anasikiliza mpaka waishe.

Huko mlangoni ndiko alikopatia masikio. Kabla hajaanza sekondari alishaweza kuitenga sauti ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja peke yake, na mwimbaji mmoja akichelewa kuingia Tunu alikunja uso kabla ya mwalimu wa kwaya. Nyumbani, akiosha vyombo, aliimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, mpaka mama yake anashika mbavu kwa kucheka.

"We mtoto, umemeza ng'ombe?"

Alipokua hakuwa mshonaji wala mwimbaji. Alisomea mawasiliano chuo cha ufundi, akaajiriwa na kampuni ndogo ya intaneti iitwayo Mawimbi Meru, ambayo mnara wake ulisimama juu ya kilima cha Suye na kuutazama mji wote, kuanzia mashamba ya kahawa mpaka vumbi la Kwa Mrombo. Wateja wao walikuwa watu wa kawaida tu: maduka, nyumba za kupanga, zahanati mbili tatu, makanisa, misikiti. Kila mmoja alifungiwa antena ndogo kama sahani juu ya paa, ikielekezwa Suye. Tunu ndiye aliyezifunga nyingi kati ya hizo, suruali ya kazi mwilini, mtandio umekazwa vizuri chini ya kofia ngumu. Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alikula haraka, na ukimsimulia jambo kwa kuzungukazunguka alikumalizia mwenyewe.

Ndiyo maana Yoeli, mwenyekiti wa kwaya moja ya Kwa Mrombo, alipopiga simu kulalamika kwamba intaneti ya kanisani inakwenda polepole, Tunu alikuwa getini kwao kabla hata hajapata muda wa kuiandika kazi hiyo ofisini.

Alikuta kwaya nzima imesimama kwenye nafasi zake. Mbele yao, juu ya kiti cha plastiki, ilikuwa kompyuta, na ndani ya kompyuta ulikuwa uso wa mzee mwenye ndevu nyeupe na hasira nyekundu.

"Mnaburuta!" uso ule ulifoka. "Mnaburuta kama ng'ombe wa mwisho kwenye kundi! Tena kutoka mwanzo!"

Yoeli alimvuta Tunu pembeni akamweleza. Yule ndiye Mwalimu Nathanaeli, aliyeianzisha kwaya hiyo wakati Kwa Mrombo bado ni mahindi na mbigili. Mwezi uliopita, akiwapelekea ng'ombe wake majani kule nyumbani Ilkiding'a, aliteleza kwenye tope akavunjika paja. Alifungwa vyuma, na daktari amemkataza kabisa kupanda gari. Na sasa tamasha kubwa la kwaya linakuja, litafanyika hapahapa kanisani kwao, na wimbo wa kuimba ni mpya, ameutunga yeye, na kinanda chake hakuna mwingine awezaye kukipiga anavyotaka.

"Kwa hiyo anapiga kinanda akiwa kwake, sisi tunaimba hapa," Yoeli alisema. "Tunajitahidi, dada Tunu. Lakini tukimfuata, yeye anatusikia tumechelewa. Tukiwahi, sisi kwa sisi tunapotezana. Jana sauti ya pili nusura wapigane."

"Mngerekodi kinanda kwenye flashi mkaimba nacho."

"Tulimwambia. Alikaa siku mbili hapokei simu zetu." Yoeli alishusha sauti, akamuiga mzee: "'Flashi inacheza, haisikilizi.'"

Tunu alitoa simu yake akapima kasi ya intaneti ya kanisa. Ilikuwa nzuri, nzuri hasa. Kisha akasimama mlangoni, akafumba macho kama alivyozoea utotoni, akawasikiliza wakianza tena. Kinanda kikalia. Kwaya ikaingia pamoja nacho, vizuri kabisa. Na mara mzee akapiga kelele kutoka Ilkiding'a kwamba wamechelewa.

Hapo Tunu alielewa. Kwaya haikuwa imechelewa, na mzee hakuwa mwongo. Sauti ya kinanda ilikuwa ikitoka Ilkiding'a, inakwenda kuzunguka mitambo ya nchi za watu huko ng'ambo, kisha inarudi Kwa Mrombo. Kwaya inaijibu papo hapo, na jibu linazunguka njia ileile ndefu kabla ya kumfikia mzee. Mwendo wote huo ni wa kufumba na kufumbua, na kwa watu wanaopiga soga tu, hata mmoja asingegundua. Lakini muziki hausamehe kufumba na kufumbua.

"Mnawasiliana na jirani kwa kupitia Ulaya," alimwambia Yoeli, tayari ameshashika ngazi yake. "Wakati yeye anaiona Suye kutoka dirishani, na ninyi mnaiona Suye kutoka hapo mlangoni. Nipe wiki hii."

*

Siku iliyofuata alipanda Ilkiding'a, mteremkoni mwa mlima Meru, na antena mgongoni. Mke wa mwalimu, Namelok, ambaye wanakwaya wote walimwita yeyo kwa heshima ya mama, alimpokea kwa chai ya maziwa kabla hajamuuliza jina.

Mwalimu Nathanaeli alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya mito, kinanda kimewekwa juu ya ubao uliovuka kifua chake kama meza ya mgonjwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Alimtazama juu mpaka chini. "Wale wanasema tatizo ni mtandao. Mimi nasema tatizo ni uvivu."

"Kwaya yako inaingia sawasawa, mwalimu. Nimesimama pale nimesikia kwa masikio yangu. Sauti ya tatu ndiyo inavuta kidogo mwishoni mwa mstari, lakini hiyo nadhani unaijua."

Mzee aligeuza shingo akamtazama mkewe, kisha akamrudia Tunu.

"Umejuaje sauti ya tatu?"

"Mama yangu alishona majoho yenu. Yale ya zambarau."

"Rukaiya wa Daraja Mbili!" Mzee alisahau mguu, akataka kuinuka, Namelok akamrudisha chini kwa kidole kimoja. "Funga hiyo antena yako, mwanangu. Funga upesi."

Aliifunga. Jioni ya siku hiyo, kukiwa bado na jua, sauti ya kinanda ilishuka kutoka Ilkiding'a mpaka mnara wa Suye, ikateremka Kwa Mrombo moja kwa moja bila kuzunguka kokote. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza wote bila kuburuta. Tunu alipigiwa makofi, akaondoka akijiona amekua urefu.

Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake watu waliporudi kutoka makazini, wakafungua filamu na mpira na simu za video, kinanda kilianza kudonoadonoa. Noti moja inafika, ya pili inachelewa, ya tatu na ya nne zinafika zimekumbatiana. Mwalimu alirudi kufoka, safari hii akiwafokea mawimbi.

Tunu alikwenda kwa bosi wake, Oscar, akamchorea ubaoni. Mnara hauwezi kuongea na wateja wote kwa pamoja. Unakata muda vipande vipande na kugawa zamu: sasa huyu, sasa yule. Mwenye filamu anapewa zamu ndefu, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa. Na antena ya mteja ikitaka kutuma kitu, lazima kwanza iombe zamu, ijibiwe, ndipo itume. Noti ya kinanda ni kitu kidogo mno, lakini inapanga foleni na malori.

"Sasa unataka nini?" Oscar aliuliza. "Tuwape watu wa kanisa kasi kubwa zaidi?"

"Kasi hawaihitaji. Nafasi wanayohitaji ni ndogo kama ukucha. Wanahitaji isiyosubiri."

"Na wateja wengine, Tunu? Wamelipa wote."

"Nitakuletea njia ambayo hawatajua kama kuna kitu kimechukuliwa."

Oscar alicheka, maana alimjua. Lakini naye alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, na mitambo waliyonunua ilikuwa ya aina inayomruhusu fundi kuandika kanuni zake za kugawa zamu. "Jaribu kwenye upande mmoja wa mnara," alisema. "Upande wa Kwa Mrombo na Ilkiding'a tu. Ukiharibu, urudishe kama ulivyoukuta."

Kwanza alikipa kinanda vijizamu vya kudumu, vidogo vidogo, ili antena ya mwalimu na ya kanisa zisiwe zinaomba kila mara. Hali ikawa nafuu, lakini haikupona. Aliangalia kwenye kompyuta yake, akaona kwa nini. Zamu ya filamu ikishaanza, hata noti iwe na haraka ya namna gani, inangoja mzigo ule umalizike kupita. Kuwa wa kwanza kwenye foleni hakukusaidii kama aliyeko dirishani hajaondoka.

Akaamua kumwondoa. Aliandika kanuni mpya: noti ikitokea, mnara ukate zamu yoyote iliyo katikati, utie noti palepale, kisha uendelee na mzigo uliokuwa ukienda. Aliijaribu mchana wakati kwaya imekusanyika. Mwalimu alipiga mstari mmoja wa haraka, vidole vikikimbia, na kila noti ikadondoka Kwa Mrombo safi kama tone la maji. Wanakwaya walipiga vigelegele. Tunu alirukaruka na Silantoi, binti wa sauti ya kwanza aliyepewa kuimba peke yake katikati ya wimbo, wakashikana mikono kama watoto.

Vigelegele havijaisha, mtu akaingia kanisani anahema.

Alikuwa Khalfani, mwenye kibanda umiza pale karibu na soko la Kwa Mrombo, ambako watu hujibana kwenye mabenchi kutazama mpira kwenye skrini. Alivua kofia kwa heshima ya mahali alipo, kisha akasahau heshima.

"Dada Tunu, unanifanyia nini? Picha yangu imekuwa viraka! Mchezaji ana kichwa cha kijani! Inatulia, mara inachanika tena, mara inatulia!"

"Inachanika kila baada ya muda gani?"

"Kila hawa wanapoimba! Nimesikia hadi kule. Wakinyamaza, picha inarudi. Wakianza, kichwa cha kijani!"

Yoeli alikohoa kuficha kicheko, lakini Tunu hakucheka. Alikuwa ameshatoka nje, anakwenda mbio kibandani kwa Khalfani, na Khalfani nyuma yake. Alikaa kwenye benchi la mbele na kompyuta magotini, akampigia Yoeli simu. "Imbeni." Waliimba, na picha ikachanika. "Nyamazeni." Ikatulia. Wachache waliokuwa pale kutazama marudio ya mechi walianza kulalamika, kisha wakavutiwa, wakawa wanamwamuru wao: "Waambie waimbe tena, fundi!"

Alipoiona sababu, alijipiga paji la uso. Mnara ulikuwa ukikata zamu ya Khalfani na kutia noti za mwalimu katikati yake, lakini antena ya Khalfani hakuna aliyeiambia. Ilipokea kipande chote kama chake, noti na picha pamoja, ikajaribu kutengeneza mchezaji kwa vipande vya kinanda. Ndicho hicho kichwa cha kijani.

"Kaka Khalfani," alisema, macho yanang'aa, "nimekuchukulia zamu yako bila kukuaga. Kosa langu liko hapo."

"Sasa usinichukulie."

"Nitachukua. Lakini nitaiaga antena yako. Kila nikikata, mnara utaiambia: kipande kile hakikuwa chako, kitupe, chako nakuletea sasa hivi. Picha yako ina akiba ya sekunde kadhaa mbele, itaweza kungoja. Kinanda hakina akiba. Noti ikichelewa imekufa."

Khalfani alimtazama kama mtu anayeangalia mganga na tapeli kwa wakati mmoja. "Jumapili ya tamasha lenu," alisema polepole, "ndiyo siku ya mechi ya watani wa jadi. Kibanda changu kitajaa mpaka watu wasimame nje. Picha ikichanika siku hiyo, watanichana mimi."

"Jumapili?" Tunu alisimama.

"Jioni. Saa ileile."

Ungetarajia aogope. Yeye moyo ulimdunda kwa raha. Mechi ya watani ni siku ambayo mji mzima unavuta picha kwa pamoja, mnara wa Suye haupati hata nafasi ya kupumua. Kama kanuni yake itasimama siku hiyo, itasimama siku zote.

Alifanya kazi ile wiki nzima, mchana kutwa, chai ikipoa pembeni. Alikosea, akafuta, akakosea tena. Taarifa ya kuaga ilipaswa iwe fupi sana, la sivyo yenyewe ingekuwa mzigo. Na ilipaswa ifike upesi, kabla antena haijaanza kusoma kipande kilichoharibika. Siku aliyofanikiwa, alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile la Khalfani. Kwaya iliimba wimbo wote, kwa sauti ya kutikisa mabati, na kwenye skrini wachezaji walikimbia na vichwa vyao wenyewe. Khalfani alisogea mpaka pua ikagusa skrini. Akageuka.

"Wanaimba kweli?"

"Toka nje usikilize."

Alitoka. Akarudi anatikisa kichwa, anacheka peke yake, akamfungulia soda bila kuulizwa.

*

Jumapili ya tamasha kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya zilikuwa zimetoka kila upande, Sakina, Ngaramtoni, Nduruma, kila moja na sare yake. Tunu alikaa nyuma ya spika na kompyuta yake. Kwenye simu alikuwa na Oscar, ambaye alikuwa amekwenda ofisini siku ya mapumziko kwa hiari yake, anautazama mnara.

"Mechi imeanza," Oscar alisema. "Mama yangu, Tunu, hujawahi kuona kitu kama hiki. Suye imejaa mpaka mdomoni. Hakuna hata ufa."

"Kuna ufa. Tunautengeneza sisi."

Mshereheshaji aliita kwaya ya wenyeji. Walipanda wakasimama, na watu wakaanza kunong'ona, kwa sababu mbele hapakuwa na mpiga kinanda. Palikuwa na spika mbili tu. Yoeli alishika maikrofoni.

"Mwalimu wetu hawezi kuja, amevunjika mguu. Yuko nyumbani Ilkiding'a. Atatupigia kinanda akiwa kule, sasa hivi, na sisi tutaimba hapa. Msiulize inawezekanaje, mimi mwenyewe sijui."

Kicheko kikapita. Kisha kinanda kikalia.

Kilianza chini, taratibu, na kwaya ikaingia juu yake kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Tunu hakutazama kompyuta. Alifumba macho akasikiliza. Sauti ya nne ilikuwa imesimama imara, ya tatu haivuti hata kidogo, na kinanda kiko katikati yao, kiko ndani ya chumba hicho. Kwa mbali, kutoka sokoni, mngurumo wa kibanda umiza ulipanda na kushuka. Picha ilikuwa inakwenda.

Ikafika zamu ya Silantoi. Binti alipiga hatua mbele, akafungua kinywa, akaimba mstari wa kwanza vizuri. Mstari wa pili haukuja. Tunu alimwona uso ukimbadilika. Maneno yalikuwa yamemtoka, na kanisa zima lilikuwa linamtazama. Kinanda kilikuwa kinaelekea mahali ambapo alipaswa kuingia, na kama kingekuwa cha kurekodiwa, kingepita na kumwacha amesimama hapo na aibu yake.

Lakini kule juu ya mlima mzee alisikia ukimya. Aliusikia papo hapo, kama angekuwa amekaa ubavuni kwake. Vidole vyake havikupita. Vilirudi nyuma, vikapiga tena kile kipande kifupi cha kumkaribisha, kwa upole zaidi, kama mtu anayesema karibu mwanangu, karibu tu. Silantoi akavuta pumzi. Bado. Mzee akazunguka tena, safari hii akatia pambo dogo la juu ambalo hakuwahi kulipiga mazoezini, na ndani ya pambo hilo alificha noti ya kwanza ya mstari uliosahaulika. Silantoi akaidaka. Maneno yakarudi yote kwa pamoja, akaingia na sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Mzee alipomsikia ameingia, furaha ilimpanda. Aliongeza mwendo. Hawakuwahi kuimba wimbo ule kwa mwendo huo, Yoeli alikodoa macho, lakini kwaya ilikuwa imeshamshika mwalimu wake na haikumwachia. Walikwenda naye, haraka, haraka zaidi, majoho yanapepea, watu wamesimama kwenye mabenchi, akina mama wa Nduruma wanapiga vigelegele. Tunu alikuwa anapiga makofi na machozi yanamtoka, simu imeanguka chini, na sauti ndogo ya Oscar inapiga kelele kutoka sakafuni: "Hakuna anayelalamika! Tunu! Zamu zinakatwa kama kitunguu na hakuna hata mteja mmoja anayelalamika!"

Wimbo uliisha kwa mpigo mmoja, kwaya na kinanda pamoja, kama mlango umefungwa na mkono mmoja.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kuzima spika. Zilipoanza kutulia, kanisa zima lilisikia kwenye spika sauti ya mzee, imejaa kamasi na kilio, ikisema kwa mbali: "Yeyo! Namelok! Umewasikia watoto wangu? Umewasikia? Niletee leso. Hapana, hiyo ni ya vyombo. Niletee leso ya kweli!"

Watu wazima walicheka mpaka wakaegemeana. Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Yoeli, huku akilia na kucheka kwa pamoja, alisogeza mdomo kwenye maikrofoni: "Mwalimu, tunakusikia."

Spika zikajibu kwa ukali wa kawaida: "Kama mnanisikia, sauti ya pili mlikuwa chini kwenye ubeti wa tatu."

Baada ya tamasha, watu walipokuwa nje wanakula pilau chini ya maturubai, Khalfani alikuja akasimama mbele ya Tunu na kofia mkononi. Timu yake ilikuwa imefungwa, na ilionekana usoni. "Ningefurahi kama picha ingechanika," alisema. "Angalau lile bao la mwisho." Tunu alimsogezea sahani.

Nyuma ya Khalfani, kundi la wanakwaya wa Nduruma lilikuwa limepanga mstari, wanasubiri Khalfani amalize kuzungumza. Aliyekuwa mbele yao, mama mmoja aliyejifunga kitenge cha bluu, hakuvumilia.

"Dada fundi, samahani. Sisi mpiga gitaa wetu amehamia Oldonyosambu kwa ajili ya kazi, huko nyuma ya mlima. Kutoka kule Suye haionekani. Inawezekana?"

Tunu aliweka kijiko chini, akaugeukia mlima. Mawingu yalikuwa yamefunguka na Meru ilikuwa imesimama wazi, na jua la jioni kwenye bega lake la magharibi.

"Kuna mtu yeyote anamjua mwenye nyumba juu ya ule ukingo, pale panapoonekana kutoka pande zote mbili?" aliuliza, anaonyesha kwa kidole, na akina mama wa Nduruma wote wakaanza kusema majina kwa pamoja.